Mzamiaji Aliyesikiliza kwa Meno

Mara ya kwanza kumwona Mzamiaji alikuwa sebuleni kwangu, chini ya maji, na maji yenyewe yalinifika kiunoni.

Ziwa Naivasha lilikuwa limepanda tena mtaani kwetu Kihoto, limeingia bila hodi, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikikitafuta kichwa cha cherehani yangu kwa vidole vya miguu. Jirani mmoja akaenda kumwita. Mtu mwingine yeyote angekunja suruali akaingia. Yeye alijifunga mtungi mgongoni, akavaa miwani ya maji na viatu vya bata, akauma kile kinywa cha mpira cha kuvutia hewa, akapiga magoti na kutambaa kutoka mlangoni hadi kwenye kochi. Povu lake lilipita katikati ya vikombe vya plastiki vilivyokuwa vikielea. Aliposimama na cherehani mikononi, mrefu alivyokuwa, maji yalimfika mapajani. Akatoa kinywa na kusema kwa uzito wote wa kazi yake, "Mathe, visibility ni mbaya sana hapa kwako."

Nilicheka mpaka nikasahau kwamba nyumba imezama.

Cherehani ilishika kutu na haikushona tena. Yeye naye alikuwa amepoteza mshika kamba wake, aliyehamia Karagita kuchuma maua, na akaamua kwamba fundi wa nguo ndiye hasa anayefaa kwa kazi hiyo, kwa sababu anajua uzi unapovutwa na unapolegea. Tangu siku niliyokubali hakuniita tena mathe. Aliniita Kamba. "Kamba, leta chai." "Kamba, boti inavuja ama ni mimi nimejikojolea?" Watu wa ufukweni wakalishika jina, na hadi leo wapo wasiojua kwamba nina jina lingine.

Kazi yetu haikuwa ya picha nzuri. Mashamba ya maua huvuta maji ziwani kwa mabomba makubwa, na magugu huziba midomo ya mabomba hayo. Mzamiaji alishuka kuyaondoa. Alishuka pia kutafuta injini za boti zilizodondoka, nanga, na simu za wageni waliojipiga picha wakiwa wamesimama pale walipoambiwa wasisimame. Mimi nilikaa botini pamoja na mwenye boti wetu, nimeshika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Mvuto mmoja maana yake niko sawa. Kuvuta mfululizo maana yake panda sasa hivi, tutabishana huku juu.

Maji ya Naivasha, kwa asiyejua, ni rangi ya chai iliyotiwa maziwa. Ile saa inayoonyesha hewa iliyobaki mtungini huioni hata ukiibandika kwenye miwani. Kwa hiyo Mzamiaji alitegemea kusikia. Alisema mtu akiwa gizani na hewa yake inatoka kwenye mashine, basi na aielewe mashine hiyo kama anavyowaelewa majirani wenye matata.

Hapo ndipo utundu wake ulipoanzia. Mashine hiyo ni regulita: kichwa cha chuma kinachofungwa mtungini kupunguza nguvu ya hewa, mpira mrefu, na kinywa unachokiuma. Ikiharibika hutoa milio. Ukimwambia Mzamiaji, "Regulita inapiga kelele," alikasirika. "Kelele ni neno la mtu mvivu. Inasonya? Inakoroma? Inapiga mluzi? Inalia kama nani?" Lile "kama nani" alikuwa na maana nalo. Kila mlio aliupa jina la mtu wa mtaani.

Mlio wa shwaaa usiokoma, hata usipovuta pumzi, aliuita Mhubiri. Kipande cha mpira kinachofunga njia ya hewa kimechimbika, au chembe ya mchanga imekaa mlangoni, na hewa inatoka yenyewe bila kuombwa. "Hana amina huyu," alisema. Wakati mwingine dawa ilikuwa kukigeuza tu kinywa kitazame chini. "Ukimwinamisha, ananyamaza. Yule wa kanisa tulimjaribu, akakataa kuinama."

Mlio wa kubwabwaja ulikuwa Mama Uji. Maji yameingia, basi: mpira wa kuuma umechanika, au kile kikofia laini kinachotoa pumzi nje kimekunjwa na uzi wa gugu. Karani alikuwa ule mlio mdogo wa "tsk" kwenye pumzi ya kwanza, baada ya mashine kukaa muda mrefu bila kazi. Mpira umegandamana na chuma, na lazima uuvute kwa nguvu kidogo ndipo ubanduke. "Anasonya kwanza, halafu anakuhudumia. Si mbaya. Ni tabia tu."

Halafu kulikuwa na Mwenyekiti. Huyu alitokea ndani ya kichwa cha chuma, mahali ambapo kuna kipande kinachopanda na kushuka. Mafuta yake yakikauka, kipande hicho hutetemeka na kutoa mngurumo mzito wa huzuni, hasa ukivuta hewa kwa nguvu. Siku moja Mzamiaji alikuwa akijaribu mashine ufukweni, akavuta, nayo ikanguruma. Kiboko akajibu kutoka kwenye mafunjo.

Tuligeuka wote kutazama mafunjo. Mzamiaji, ambaye hangeweza kuacha jambo kama hilo lipite, akavuta tena. Kiboko akajibu tena, safari hii karibu zaidi. Mwenye boti wetu aliruka ndani ya boti na kupiga makasia kwa bidii, boti ikiwa bado imefungwa kwenye mti.

"Msiogope!" Mzamiaji akapaza sauti. "Ni Mwenyekiti tu!"

"Niko hapa," mwenyekiti wa mtaa alisema kutoka nyuma yetu, alikokuja kununua samaki. "Nani ananiita?"

Ilibidi tumweleze kitu. Mzamiaji akamweleza ukweli mtupu, kwamba mlio huo umepewa jina lake kwa sababu ya uzito wa sauti yake, na mwenyekiti akaondoka amefurahi sana. Mashine ilipakwa mafuta jioni hiyohiyo.

Nilipoona kila mtu ana mlio wake, nilimwuliza, "Na mimi je?"

"Wewe upo."

"Mlio gani?"

"Nikikuambia utaiachilia kamba."

Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi hakuniambia. Mwenye boti alishikilia kwamba mimi ndiye Mama Uji halisi, kwa jinsi ninavyokunywa chai, na kwamba jina la mwanamke wa uji lilikuwa la kunificha tu. Mimi nilishuku mlio wa kukwaruza wa kifuniko cha kile kinywa. Nilimvizia Mzamiaji alipokuwa akisafisha mashine, nikimtajia mlio mmoja mmoja na kumtazama usoni. Aliendelea kuimba.

Alikuwa mtu wa kushangaza katika mengine pia. Alishinda ndani ya ziwa lenye viboko lakini chura mmoja tu akiruka bafuni, alitoka uchi akiita watu. Samaki hakula, alisema amewaona wakila na hakupendezwa. Mvua ikitishia kidogo alifungua mwavuli, hata akiwa bado amevaa nguo za kuzamia zinazotiririka maji. Redio yake alifungulia sauti hadi mwisho, na ukimwuliza kitu mara nyingi alikujibu kingine. Unamwambia, "Mzee, wamepiga simu kutoka shambani," anajibu, "Nilikula asubuhi." Tuliona ni maringo ya umri. Wazee wengi huchagua wanachotaka kusikia.

Zaidi ya hayo, nani angemshuku, na tulishaona maajabu ya masikio yake? Siku moja mimi na mwenye boti tulimsikia Mhubiri waziwazi wakati Mzamiaji anajiandaa. Shwaaa, bila kukoma. Tukamzuia. Yeye akauma kinywa, akafumba macho, akakaa.

"Hapa hakuna Mhubiri."

"Mzee, tunamsikia!"

"Mnamsikia wa nani? Wangu amelala."

Tulibishana mpaka mama mmoja nyuma ya ukuta wa mabati alipozima jiko lake la kukaangia chapati, jiko la mafuta la kupampu, na Mhubiri akanyamaza palepale. Mzamiaji alitucheka wiki nzima. Sisi tukasambaza habari ufukweni kwamba masikio ya mzee hayana mfano.

Sasa nieleze meno. Mzamiaji alikuwa na meno ya huku kwetu, ya kahawia, kama ya wengi waliokulia maji ya visima vya bonde hili. Aliyapenda. Mgeni akiyakodolea macho alisema, "Hizi ni original, boss. Nyeupe ni za kununua." Lakini yalikuwa yameanza kuvunjika, na binti yake, mwenye hoteli ndogo ya chai Mai Mahiu, alikuwa anaolewa. Binti alitaka picha za harusi. Akampeleka baba kwa daktari, meno yakang'olewa karibu yote, likabaki gego moja la nyuma ambalo daktari alisema bado lina nguvu za kuishi kuliko mwenyewe. Akatengenezewa meno ya kuvaa, meupe.

Alirudi ufukweni hafungi mdomo. "Mzee, umewasha taa full," mwenye boti akamwambia. "Tupunguzie, samaki watakimbia." Mzamiaji akamwonyesha yote, juu na chini, kwa muda mrefu.

Kazi ya kwanza baada ya harusi ilikuwa bomba la shamba moja la maua. Magugu yalikuwa yamesokotana kwenye wavu wa bomba, na ili kuyafikia ilibidi aingie chini ya blanketi zito la magugu yanayoelea, mahali ambapo mtu akiishiwa hewa hawezi kuinuka tu akachomoza kichwa. Aliuma kinywa, akavuta pumzi zake za kujaribu, akasema, "Safi."

Haikuwa safi. Nilimsikia Mhubiri, mdogo, wa chinichini, lakini yeye. Nikatazama huku na huku nikitafuta jiko la chapati. Tulikuwa katikati ya ziwa.

"Mzee, Mhubiri yupo."

"Kamba, nimesikiliza. Ni wale wa chapati wamekuzoea." Akaanguka majini kabla sijamjibu.

Povu la mtu anayehema huja kwa mafungu: linatoka, linakoma, linatoka. Povu lake siku hiyo halikukoma. Lilichemka kandokando ya magugu, likaongezeka, na nikajua hewa inamwagika na yeye hajui. Nilivuta kamba mfululizo. Akajibu mvuto mmoja: niko sawa. Nikavuta tena. Niko sawa. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, kwa sababu aliyekuwa akiniambia yuko sawa alikuwa ndiye mtu pekee ambaye hakuwa akimsikia Mhubiri. Nikamwita mwenye boti, tukashika kamba wote wawili, tukamvuta kinguvunguvu, akatoka chini ya magugu kinyumenyume akitutukana kupitia mpira.

Alipanda botini akiwa amefura. Nikaigeuza ile saa ya hewa nikamwekea mbele ya macho. Mshale ulikuwa umelala karibu na sifuri. Akautazama. Kisha akavua meno yake meupe, akayashika kiganjani na kuyaangalia muda mrefu.

"Hawa wageni," akasema, "hawasikii."

Ndipo tukajua. Masikio yake yalikuwa yamekufa miaka mingi iliyopita, maji na umri vikisaidiana. Maneno yetu aliyasoma midomoni; alichokuwa akisikia, alikisikia kwa meno. Mlio ulipita kwenye mpira, ukaingia kwenye meno, ukafika kichwani, na alimjua Mhubiri na Karani kwa jinsi walivyomtekenya taya. Ndiyo maana jiko la chapati halikumbabaisha: halikuwa mdomoni mwake. Meno ya kuvaa yalikaa juu ya ufizi laini, na hayakumletea habari yoyote.

"Nitazoea," alisema. "Next week nitakuwa sawa. Zinahitaji kufundishwa."

"Mzee, huwezi kufundisha plastiki."

"Wewe shika kamba. Hiyo ndiyo kazi yako."

"Sitashika."

Alifikiri nacheza. Nikamwambia kwamba nimeshamvuta mara moja na sitaki kuja kumvuta siku moja kamba ikiwa nzito. Nilimwambia wazi kwamba nampenda, na kwamba sitamshikia kamba tena, na kwamba mwenye boti naye hatashika. Mwenye boti alitikisa kichwa kukubaliana nami, akiangalia maji. Mzamiaji alivaa meno yake, akageukia nchi kavu, na tangu hapo hakunisemesha. Aliniachia regulita kwenye ndoo mlangoni kwangu, akahamia Mai Mahiu kwa binti yake. Nilimpigia simu. Hakushika, na hata angeshika, angesikia nini?

Mzamiaji mpya alikuja, mwanamume wa makamo kutoka Nakuru mjini, mpole, asiye na hadithi. Nilimshikia kamba. Siku moja akasema, "Mathe, hii regulita iko na kitu. Inapiga mluzi. Si kila saa, lakini inapiga. Ifunguliwe." Mitungi yetu hujazwa hewa Nairobi, na njia ni ileile ya Mai Mahiu. Nikasema nitaipeleka mahali.

Tulipokuwa tukirudi na mitungi imejaa, nilimwomba dereva wa pikapu asimame. Malori yalikuwa yamepanga mstari chini ya mteremko, na mbele ya hoteli ya binti yake aliketi Mzamiaji kwenye kiti cha plastiki, mkono wake umelala kwenye ubavu wa lori.

"Breki yako ya nyuma inavuja upepo," alikuwa akimwambia dereva wa lori. "Huyo ni Mhubiri."

"Huyo ni nani?" dereva akauliza.

Aliponiona alianza kuangalia mlima. Binti yake akaniletea chai na kunikonyeza. Nilimsogelea, nikaweka mtungi chini, nikaufungia regulita, nikampa kinywa bila salamu. Halafu nikaongea polepole, uso kwa uso, apate kuisoma midomo yangu.

"Mzamiaji mpya anasema inapiga mluzi."

"Anahema vipi huyo?"

"Polepole. Ni mtu mtulivu."

"Ndiyo maana."

Akavua meno, akayaweka kwenye sahani juu ya mandazi ya mtu. Akakisukuma kinywa hadi pembeni kabisa ya shavu, akakiuma kwa lile gego moja la kahawia. Uso ulipinda vibaya sana. Akavuta hewa kwa nguvu: kimya. Akavuta taratibu, kama mtu anayelala, na nikausikia: wiiii, mluzi mwembamba, wa mbali. Akafumba macho. Gego likaonekana, maana alikuwa anatabasamu.

"Kamba huyo," akasema.

"Mimi? Haka kafilimbi?"

"Ni wewe. Kadogo, hakanyamazi, kanakera."

Nilimwuliza kama mluzi huo ungeweza kuondolewa. Akasema ni kuzungusha skrubu kidogo tu, kazi ya kufumba na kufumbua. Nikamwuliza basi mbona hakuizungusha miaka yote ile.

Aliifuta mashine kwa shati lake kwanza.

"Huu mluzi unatokea mlango wa hewa ukifunguka ufa tu. Ukihema kwa woga, mlango unafunguka wote, husikii kitu. Ukitulia, unarudi. Kule chini mimi sioni hata mkono wangu. Nikikusikia, najua bado sijaogopa. Najua kuna mtu juu." Akainua meno yake kutoka kwenye mandazi, akayapangusa. "Ile siku ya bomba nilikutafuta. Nilidhani umenyamaza."

Niliunyanyua mtungi.

"Mwambie huyo wa Nakuru asiguse hiyo skrubu," akasema, akayavaa meno, akawa na uso wa harusi tena. "Na bado nimekukasirikia. Enda, dereva wako anapiga honi."

Dereva hakuwa amepiga honi. Nilipanda pikapu nikiwa na regulita na mtungi mmoja katikati ya magoti yangu. Tulipoanza safari ya kurudi Naivasha nilikiuma kinywa, dereva akinitazama kwa pembe ya jicho, nikavuta. Kimya. Nikavuta tena. Kimya, kwa sababu nilikuwa nalia, na pumzi za mtu anayelia ni kubwa mno. Ilibidi ningoje. Tulipita vibanda vya mwisho, tukapita mashamba, machozi yakakauka, nikavuta taratibu, na mluzi ukaja, moja kwa moja kwenye meno yangu.

Kweli, kanakera.